MADALALI WA KWANZA WA MATANGAZO YA MAGAZETI

Mkulima apelekapo mahindi sokoni, mnunuzi hana haja ya kuamini maneno yake. Mizani iko pale, na mwenye shaka aweza kutia mkono ndani ya gunia aone kama punje ni kavu au zimeoza. Lakini mtu anunuaye nafasi ya tangazo katika gazeti hununua kitu gani? Hanunui karatasi wala wino. Hununua macho ya watu asiowajua, wakaao katika miji asiyopata kuifika, naye hawezi kuyahesabu macho hayo. Mwenye gazeti akimwambia kwamba nakala elfu kumi hutoka kila juma, ni juu yake kusadiki au kwenda zake.

Jambo hili liliwasumbua sana wafanya biashara wa Uingereza na Marekani katika karne ya 19. Katika shida hiyo ndimo ilimozaliwa kazi ya uwakala wa matangazo, na pamoja nayo vile vitabu vinene vya orodha ya magazeti ambavyo kwa miaka mingi havikukosekana katika ofisi kubwa za biashara. Wengi wetu huona tangazo la sabuni au la baiskeli gazetini bila kujiuliza lilifikaje pale, na katika bei yake nani alikula fungu gani. Hadithi yenyewe yafaa kusimuliwa, maana ni hadithi ya dalali aliyeshika mizani kwa mkono wake mwenyewe.

Uingereza ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1786 mtu mmoja wa London, William Tayler, alikuwa akipokea matangazo kwa niaba ya magazeti ya mikoani, na mwaka 1800 James White naye akaanzisha ofisi ya kazi hiyo mjini humo. Hawa walikuwa kama matarishi wa heshima: walipokea maandishi na fedha, wakayapeleka kwa mpiga chapa, wakapewa ujira wao. Biashara haikuweza kukua upesi kwa sababu serikali ilitoza kodi kila tangazo, liwe refu au la mistari miwili. Kabla ya mwaka 1833 kodi hiyo ilikuwa shilingi 3 na peni 6; mwaka huo ikapunguzwa kuwa shilingi 1 na peni 6, na mwaka 1853 ikafutwa kabisa.

Hata hivyo Waingereza walikuwa na faida moja ambayo hawakuipanga. Kila nakala ya gazeti ilipaswa kupigwa muhuri wa serikali uliolipiwa, na hesabu ya mihuri iliyonunuliwa na kila gazeti ilikuwa ikipelekwa Bungeni na kuchapishwa. Basi mwenye duka aliyetaka kujua nguvu ya gazeti fulani aliweza kusoma hesabu za serikali. Watu waliichukia kodi ile, na walikuwa na haki ya kuichukia, kwa maana iliwanyima maskini magazeti. Lakini muhuri ulikuwa mizani. Ulipoacha kuwa lazima mwaka 1855, mizani ikaondoka pamoja na mzigo.

Wakati muhuri ungalipo, mwaka 1846, wakala mmoja wa London aliyeitwa Charles Mitchell alitoa kitabu cha orodha ya magazeti ya Uingereza. Kilieleza kila gazeti: hutoka siku gani, bei yake ni nini, lafuata siasa ya upande gani, na wilaya linamosomwa ni ya namna gani, kama ni ya wakulima au ya viwanda. Kitabu hiki kiliendelea kutoka kwa miaka mingi baada ya Mitchell.

Tuvuke bahari sasa twende Marekani, ambako mambo yalikuwa makubwa zaidi na yenye vurugu zaidi. Huko hapakuwa na muhuri wa serikali. Kila kijiji kilichopata kanisa na duka kilitaka na gazeti lake. Hesabu ya watu ya mwaka 1850 ilikuta magazeti na majarida 2,526. Ile ya mwaka 1870 ilikuta 5,871. Wenye magazeti ya vijijini wengi walikuwa ndio wahariri, ndio wapiga chapa, ndio wafagiaji, na msomaji asiye na fedha aliweza kulipa kwa kuni au kwa viazi. Mfanya biashara wa Philadelphia aliyetaka kuuza bidhaa yake katika majimbo ya mbali angejuaje magazeti hayo yako wapi? Na kama angejua, angeandika barua mia, apatane bei mia, kisha alipe mara mia kwa noti za benki mbalimbali, kwa kuwa wakati ule kila benki ilitoa noti zake, na noti iliyokubaliwa katika mji huu huenda ilikatwa thamani katika mji wa pili.

Mtu aliyeiona nafasi hii alikuwa Volney B. Palmer. Babake alikuwa mwenye gazeti, kwa hiyo alizijua shida za kazi hiyo tangu nyumbani. Mnamo mwaka 1841 au 1842 alifungua ofisi Philadelphia, na mwanzoni hakutegemea matangazo peke yake; mahali pale pale aliuza viwanja, makaa ya mawe na kuni. Baadaye akafungua matawi Boston na New York. Waliomfahamu walimkumbuka kuwa ni mtu mfupi mnene, aliyevaa koti la buluu lenye vifungo vya shaba, akishika bakora yenye kichwa cha dhahabu, na msimulizi hodari wa hadithi. Nadhani hadithi zile zilikuwa sehemu ya mtaji wake.

Kazi yake ilikuwa hivi. Aliweka nakala za magazeti mengi ofisini. Mwenye bidhaa alikuja, akayatazama, akachagua ayatakayo. Palmer akaandika barua, akapeleka tangazo, akakusanya fedha. Katika bei aliyotoza mwenye gazeti, Palmer alikata robo nzima, yaani 25 kwa mia. Mwenye bidhaa hakumlipa kitu, naye Palmer alijitangaza kuwa wakala wa magazeti.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Mtu huyu aliketi na mnunuzi, akamshauri anunue gazeti gani, wakati ujira wake watoka kwa muuzaji, tena huongezeka kadiri mnunuzi atumiavyo fedha nyingi. Mimi sisemi Palmer alikuwa mwizi. Hakuna sababu ya kumdhania hivyo. Lakini mtu yeyote aliyepata kuuza ng'ombe kwa mkono wa dalali ataona mara moja kwamba mpango wenyewe una ufa. Mwenye ng'ombe na mwenye fedha wote wawili humwita dalali rafiki yao, na yeye huwaitikia wote.

Waliomfuata waliupanua ufa huo. S. M. Pettengill, aliyekuwa karani wa Palmer huko Boston, alijitenga mwaka 1849 na kufungua ofisi yake. Wengine wakazidi kutokea. Wakala alimtajia mwenye bidhaa bei moja, akapatana na mwenye gazeti bei nyingine iliyo chini sana, na kilichobaki katikati kikawa chake, wala hakuna aliyejua ni kiasi gani. Orodha ya magazeti aliyokuwa nayo aliifungia sandukuni kama mali ya siri. Kwa hakika siri hiyo ndiyo iliyokuwa bidhaa yake.

Basi akaja George P. Rowell, aliyezaliwa mwaka 1838 katika jimbo la Vermont. Alipofika Boston akiwa kijana alipata kazi ya kukusanya madeni ya gazeti la Boston Post, na nadhani hakuna shule bora kuliko hiyo kwa mtu atakaye kujua ni nani alipaye na ni nani aahidiye tu. Mwaka 1865 alianzisha uwakala wake kwa njia mpya. Badala ya kungoja mteja aje na tangazo, alikwenda kwanza kwa wenye magazeti, akanunua nafasi kwa jumla, kama mwenye duka anunuavyo jora zima la kitambaa. Kisha akaikata vipande akaviuza rejareja. Alitangaza kwamba mtu akilipa dola 100 atapata inchi moja ya nafasi kwa mwezi mmoja katika magazeti 100. Kwa mara ya kwanza mwenye bidhaa aliambiwa bei moja iliyo wazi, na hakuhitaji kuandika barua hata moja. Wenye magazeti nao walifurahi, kwa maana Rowell aliwalipa taslimu na kwa wakati, hata kama mteja wake hajamlipa yeye.

Mwaka 1867 alihamia New York, na mwaka 1869 akafanya jambo lililowakasirisha mawakala wenzake wote: alichapa kitabu chenye orodha ya magazeti zaidi ya 5,000 ya Marekani na Kanada, akakiuza kwa yeyote aliyetaka. Siri ya sandukuni ikatoka nje. Katika kitabu hicho kila gazeti lilitajwa mji wake, siku zake za kutoka, jina la mwenyewe, na, lililo kubwa kuliko yote, kadirio la idadi ya nakala zake.

Vita vikaanza hapo. Wenye magazeti walikuwa wamezoea kusema uongo juu ya nakala zao, na walisema bila haya. Aliyechapa 800 alitaja 2,000. Aliyechapa 2,000 alitaja 5,000, kwa kuwa alijua kwamba jirani yake naye ameongeza, na asipoongeza atahesabiwa kuwa duni kuliko alivyo. Hivyo hata mkweli alisukumwa katika uongo. Rowell aliwaandikia akiwataka hati iliyotiwa sahihi, ieleze hesabu ya kila toleo kwa mwaka mzima. Aliyeileta aliandikiwa hesabu yake kwa tarakimu. Aliyekataa, au aliyejibu kwa maneno ya kuzunguka, aliwekewa herufi iliyoonyesha daraja alilokadiriwa na waandishi wa kitabu, na mara nyingi daraja hilo halikumpendeza. Baadaye kitabu kikatangaza pia zawadi ya dola 100 kwa mtu wa kwanza atakayethibitisha kwamba hesabu iliyodhaminiwa ilikuwa ya uongo.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni rejista na mafaili. Kwa hiyo naweza kukisia uchovu uliokuwa katika ofisi ile. Magazeti elfu tano, kila moja lina barua yake na kisingizio chake. Gazeti hili limekufa mwezi uliopita, hili limebadili jina, hili limeungana na lile, na mhariri wa mji fulani ameandika kwa hasira kwamba ametukanwa. Mwaka ukiisha kazi yote yaanza tena. Mtu asiyepata kutunza orodha hudhani orodha ni kitu cha kuandika mara moja.

Lakini twambiane kweli: Rowell naye alikuwa dalali. Kitabu chake kilikuwa na kurasa za matangazo, na walionunua kurasa hizo walikuwa ni wenye magazeti wale wale aliowapima. Wengi hawakulipa fedha, walilipa kwa nafasi ndani ya magazeti yao, nayo nafasi hiyo Rowell aliiuza kwa wateja wake. Wapinzani wake walisema kwamba gazeti lililonunua ukurasa kitabuni lilipata macho ya huruma. Yeye alikana. Hata kama tukimsadiki, na mimi nina mwelekeo wa kumsadiki katika mengi, mwenye mizani hapaswi kupokea zawadi kutoka kwa wapimwao. Alipenda pia kuweka alama ya dhahabu, duara lenye nukta katikati, mbele ya magazeti ambayo wasomaji wao, kwa maoni ya kitabu, walikuwa na thamani kuliko wingi wao. Wazo lenyewe ni la haki, maana wasomaji mia wenye mashamba hununua majembe mengi kuliko wasomaji elfu wasio na ardhi. Lakini idadi yaweza kukaguliwa, na thamani ni maoni ya mtu.

Wateja wakubwa wa mawakala siku zile walikuwa watengenezaji wa dawa za chupa, zilizodai kuponya kila ugonjwa kuanzia kikohozi hadi huzuni. Sheria ya mwaka 1906 ndiyo iliyoanza kuwabana. Rowell mwenyewe aliingia katika biashara hiyo kwa kuuza vidonge vya tumbo vilivyoitwa Ripans, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za vitu sita vilivyotiwa ndani. Kwa mtu aliyekuwa na nafasi magazetini nchi nzima, kutangaza vidonge vyake mwenyewe kulikuwa rahisi kama mwenye kisima kunywesha mbuzi wake. Mwaka 1888 alianzisha pia jarida la Printers' Ink, lililofundisha watu sanaa ya kutangaza, nalo likaishi hata baada yake kwa miaka mingi.

Mwaka ule ule wa 1869 kitabu cha Rowell kilipotoka, kijana wa miaka 21, Francis Wayland Ayer, alifungua ofisi Philadelphia kwa mtaji wa dola 250. Aliipa jina la baba yake, N. W. Ayer, akaongeza “na Mwana”, ili ionekane kuwa nyumba ya kale. Hila hiyo ni ndogo na ya kusamehewa. Alianza na magazeti machache ya dini. Baadaye, mwaka 1877, aliinunua kampuni iliyokuwa imerithi ofisi ya Palmer, na tangu hapo watu wake wakajivunia kwamba ukoo wao watoka kwa dalali wa kwanza.

Kitu alichokileta Ayer kilihusu lile swali la bwana wa dalali ni nani. Dingee & Conard walikuwa wakulima wa mawaridi katika Pennsylvania, waliouza miche kwa njia ya posta, na matangazo ndiyo yaliyokuwa mlango wa shamba lao. Wao walitaka kujua fedha zao zinakwenda wapi. Mwaka 1876 Ayer alianza kuwafanyia kazi kwa mkataba wa wazi: aliwaonyesha bei halisi aliyotozwa na kila gazeti, nao wakamlipa juu yake 12 na nusu kwa mia, ambayo baadaye ilikuwa 15 kwa mia. Hapo wakala akageuka. Hakuwa tena mtu wa gazeti anayejifanya rafiki wa mnunuzi, bali mtu wa mnunuzi. Na yafaa ikumbukwe kwamba waliochangia kuleta badiliko hilo walikuwa wakulima waliosoma hesabu zao kwa makini.

Wakulima waliingia tena katika hadithi hii mwaka 1879. Kampuni ya Nichols-Shepard, waundaji wa mashine za kupura nafaka, ilitaka mpango wa kutangaza. Ayer na makarani wake walipeleka telegramu kwa maofisa wa majimbo na kwa wenye magazeti nchi nzima, wakiuliza mavuno ya kila wilaya ni kiasi gani. Majibu yakarudi, yakapangwa kwa wilaya, na pembeni yakawekwa magazeti yasomwayo huko. Hakuna maana ya kutangaza mashine ya ngano mahali pasipo na ngano. Jambo hilo laonekana dogo, lakini kabla ya hapo watu walitangaza kwa kubahatisha. Kampuni ilipoyaona majedwali yale ikampa Ayer kazi.

Mwaka 1880 Ayer alitoa kitabu chake cha mwaka cha orodha ya magazeti. Hakutaja magazeti tu. Alieleza na miji yenyewe, idadi ya watu wake, reli ipitayo na mazao yatokayo. Vitabu viwili vikashindana kwa karibu miaka 30. Rowell alikufa mwaka 1908, na kitabu chake kikaishia mikononi mwa kampuni ya Ayer, kikaunganishwa na kile chao. Kampuni yenyewe ilidumu hadi mwaka 2002.

Lakini vitabu vyote hivyo, hata kile kilichotungwa kwa uaminifu, vilitegemea neno la mwenye gazeti na ukali wa wakala. Mwaka 1912 Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyoyalazimisha magazeti ya kila siku yatumiayo posta kutoa, mara mbili kwa mwaka, taarifa ya kiapo ya nakala zao. Kisha mwaka 1914 wenye bidhaa, mawakala na wenye magazeti walikubaliana kuanzisha ofisi moja ya ukaguzi. Mkaguzi wake aliingia katika ofisi ya gazeti bila kuuliza nakala ni ngapi. Aliomba vitabu vya fedha, akasoma stakabadhi za karatasi iliyonunuliwa, akazilinganisha na kazi ya mashine, akakagua majina ya waliolipa mwaka mzima, na nakala zilizorudishwa na wauzaji wa barabarani akaziondoa katika hesabu.